UZI: Harakati za Kiislamu zinajua kuingia, kukaa ndio mtihani

MkaaVuga

Asalaam alaykum wadau, na wasiokuwa Waislamu habari zenu. Uzi utakuwa mrefu, asiye na bando la kutosha aje usiku.

Humu kila ikitajwa Masri au Tunisia watu wanagawana pande mbili tu. Wapo wanaosema jamaa walionewa, jeshi limewapindua, yamekwisha, na wapo wanaosema dini na siasa haziendani ndo maana wanafeli. Mie nnaona wote wanaliruka suala lenyewe. Hawa watu wanajua kujipanga kuliko chama chochote, wanafungwa wanatoka wanafungwa tena miaka hamsini sitini na bado wapo, sasa vipi wakishika serikali inawatoka mkononi haraka vile? Jibu langu ni kwamba zile mbinu zinazowafikisha pale ndo hizo hizo zinazowaangusha.

Tuanze na Ikhwani, yaani Udugu wa Kiislamu wa Masri, maana wengine wengi wamechota kwao. Hassan al-Banna alikuwa mwalimu wa skuli, si sheikh mkubwa wa Azhar, akaanzisha jumuiya yake mwaka 1928 pale Ismailia, mji wa kampuni ya Mfereji wa Suez, Waingereza wamejaa tele. Hakuanza na chama. Alikuwa anawafuata watu mikahawani anawawaidhi humo humo, kisha msikiti, kisha skuli, kisha matawi, na ndani ya matawi vikundi vidogo vya watu wanaojuana hadi matatizo ya nyumbani, kikundi chenyewe wanakiita usra. Ukifungwa wewe wenzako wanamtazama mkeo na watoto. Mtoto akiumwa daktari ni ndugu wa jumuiya. Al-Banna akapigwa risasi 1949, rais Nasser akajaza magereza, Sayyid Qutb, mwanafikra wao, akanyongwa 1966, na chama cha kawaida kingekuwa kimezikwa zamani lakini hiki hakikuzikika kwa sababu hakikuwa chama, ilikuwa jamii nzima ndani ya jamii.

Rais Sadat akawafungulia miaka ya 70 kwa hesabu zake mwenyewe, alitaka watu wa kuwabana wanasoshalisti vyuoni. Rais Mubarak akaja akawakatalia kusajili chama, wao wakaazima vya wenzao, 1984 wakapanda mgongo wa chama cha Wafd, 1987 wakaenda na chama cha Labour na kauli yao ya "Uislamu ndio ufumbuzi". Wakaingia kwenye jumuiya za madaktari, mainjinia, mawakili, wakashinda chaguzi za humo ndani. Oktoba 1992 tetemeko likaipiga Cairo, mahema na mablanketi ya Ikhwani yakafika kabla ya serikali haijavaa viatu. Mwaka 2005 wakasimamisha watu kama wagombea binafsi wakapata viti 88. Yote hayo bila ya chama!

Sasa hapa ndo pa kukaa kidogo. Mtu aliyeishi hivo miaka themanini anajifunza nini? Anajifunza kuficha, kutii wakubwa bila ya kuuliza sana, na kutomuamini yeyote asiyekuwa wa kwao. Ni mambo ya lazima kama unataka kubaki hai chini ya polisi wa Mubarak. Lakini rais wa nchi ya watu milioni themanini na kitu hawezi kuishi hivo. Baada ya mapinduzi ya 2011 yaliyomuangusha Mubarak, Ikhwani waliahidi hawatogombea urais, na Abdel Moneim Aboul Fotouh, mtu wao mkubwa, alipong'ang'ania kugombea wakamfukuza. Miezi kidogo tu wakamtoa Khairat el-Shater, akaenguliwa, akaja mtu wao mwengine, Mursi, akashinda duru ya pili Juni 2012 kwa asilimia 51.7. Yaani karibu nusu ya waliopiga kura walimtaka Shafik, mtu wa Mubarak, na wengi waliompa Mursi walimpa kwa kumkataa Shafik. Ukishinda hivo unatafuta wenzio haraka sana. Yeye Novemba ile ile akatoa tamko kwamba mahakama haziwezi kuyatengua maamuzi yake. Waliompigia kura kwa kumkataa Shafik wakaingia mitaani pamoja na waliompigia Shafik.

Na yule jenerali anayeitwa Sisi, nani kamuweka waziri wa ulinzi? Mursi mwenyewe, Agosti 2012. Tarehe 3 Julai 2013 kaondoshwa na huyo huyo, na tarehe 14 Agosti mamia ya watu wakauliwa pale uwanja wa Rabaa, Cairo. Mtu asije akaniambia nahalalisha mapinduzi, yale ni mauaji na aliyeua ni aliyeshika bunduki. Nazungumzia siasa za kabla ya bunduki.

Nyie mnaonaje.

---

AbuNassor_Mombasa

Maalim umeandika vizuri ila umewaonea. Nchi ile mwaka mzima ilikuwa na foleni za petroli na umeme unakatika, Mursi kaondoka tu foleni zikayeyuka na mabilioni ya Saudia na Emirati yakamiminika. Hapo unamlaumu mtu kwamba hakutafuta marafiki, marafiki gani? Majaji wa Mubarak, polisi wa Mubarak, bunge ambalo wao na Masalafi, wale wa kufuata mwendo wa wema waliotangulia, walikuwa na karibu asilimia 70 ya viti mahakama imelivunja kabla yeye hajaapishwa!

Na Algeria utasema nini? FIS, chama cha Kiislamu cha kule, ilisajiliwa 1989, ikazoa manispaa 1990, Desemba 1991 ikachukua viti 188 duru ya kwanza tu, Januari jeshi likafuta uchaguzi mzima. Wale hawakupewa hata siku moja ya kukosea. Nchi ikaingia vitani miaka kumi, maiti laki moja na zaidi.

---

MkaaVuga

AbuNassor, la foleni za petroli nakupa lote. La Algeria nakupa nusu. Ni kweli waliibiwa mchana kweupe. Lakini nenda kasome Ali Belhadj, kiongozi wa FIS, alikuwa anahubiri nini msikitini kabla ya uchaguzi, kwamba demokrasia ni ukafiri. Mwenzie Abbassi Madani anazungumza lugha nyengine na waandishi wa habari. Hadhira mbili na ndimi mbili. Majenerali walikuwa wanatafuta kisingizio na wewe unawapelekea hadi mlangoni. Aliyeogopa si jenerali peke yake, alikuwepo na mwalimu wa kawaida wa Algiers anayejiuliza baada ya kura hii kutakuwa na nyengine kweli.

---

Kilimani_Damu

Mbona humtaji Erdoğan wa Uturuki? Yeye kaingia na kakaa.

---

MkaaVuga

Kakaa kwa sababu kajifunza kwa mzee wake aliyeanguka. Erbakan alikuwa na vyama vikifungwa anafungua vyengine, jina jipya watu wale wale. Refah, chama chake cha wakati ule, walishinda Istanbul 1994, Erdoğan akawa meya, na watu walimkubali kwa maji na taka, si kwa khutba, maana mabomba yalikuwa makavu na taka milima. Erbakan akawa waziri mkuu 1996, mwaka uliofuata wanajeshi wakamtoa bila ya kupiga hata risasi, shinikizo tu. Erdoğan akaenda jela kwa shairi alilosoma jukwaani. Alipotoka yeye na wenzake wakamuacha mzee na kauli zake, 2001 wakaunda chama cha AKP wakasema sisi si chama cha Kiislamu sisi ni wahafidhina wa kidemokrasia, tunataka kuingia Umoja wa Ulaya. Umeona akili hapo? Masharti ya Ulaya yanataka jeshi litoke kwenye siasa, na aliyekuwa akiwasumbua wao ni jeshi. 2002 wakapata asilimia 34 tu ya kura wakaondoka na viti 363 kati ya 550, kwa sababu vyama vingi havikufika kile kiwango cha asilimia 10 ya kura cha kuingia bungeni.

Ila hayo ya sasa, waandishi jela, mameya wa upinzani jela, sijui tuyaite mafanikio ya harakati au mafanikio ya mtu mmoja. Mie nnaona aliacha siasa za Kiislamu zamani, kashika siasa za Erdoğan.

---

TalibuIlm_Amani

Ndugu zangu nyote mnazunguka. Masheikh wetu wametwambia siku zote, siasa hizi za vyama ni fitna, zinagawa umma, da'wa, kazi ya kulingania dini, inageuka kampeni. Kazi ni kuwasomesha watu tauhidi, watu wakitengenea viongozi watatengenea. Hayo maandamano na kura hayana asili.

---

MkaaVuga

Sheikh wangu nakuheshimu lakini Masalafi wa Masri walisema hayo hayo hadi 2011, kura haramu, chama haramu, kisha Mubarak kaanguka wakafungua chama cha Nour ndani ya miezi, wakaja wa pili bungeni. Na siku Sisi alipotangaza kumuondosha Mursi, mtu wa Nour alikuwa amekaa pale pale nyuma yake pamoja na sheikh wa Azhar na baba wa kanisa la Kikopti. Kwa hivo kukaa mbali na siasa nako ni siasa, mara nyingi ni siasa ya aliyekuwepo madarakani.

---

TalibuIlm_Amani

Hao si hoja juu ya manhaj, yaani njia yetu. Wamekosea wao. Sibishani zaidi, Allah atuongoze sote.

---

Kijana_wa_Khartoum

Nimesoma Khartoum mie, kama vijana wengi wa Zenji, na nnashangaa uzi umefika hapa Turabi, kiongozi wa harakati za Kiislamu Sudan, hajatajwa. Ukitaka kujua mbinu za kuingia, huyo ndo profesa. 1977 rais Nimeiri alimuita wapatane, Turabi akakubali akapewa uwaziri, wenzake wa upinzani wanamuona msaliti. Yeye anapiga hesabu. Benki ya Faisal ikafunguliwa, watu wake wakajaa kwenye mabenki ya Kiislamu, wafanyabiashara wao wakapata mitaji, wanafunzi wao wakatawala vyuo, na polepole maofisa vijana jeshini. 1986 uchaguzi wa haki kabisa wakapata viti 51, wa tatu. Wakaona njia hiyo ndefu. Tarehe 30 Juni 1989 Bashir, ofisa wa jeshi, akapindua na Turabi akapelekwa jela na wapinduzi wenyewe, mchezo tu ili dunia isijue mapinduzi ya nani. Alikuja kusema mwenyewe baadae, walikubaliana wewe nenda ikulu mimi nenda gerezani.

Miaka kumi baadae Bashir akavunja bunge lililokuwa chini ya spika Turabi, 1999, na safari hii gereza likawa la kweli. Kusini ikaenda zake 2011. Na Aprili 2019 waliomtoa Bashir mitaani ni vijana waliozaliwa na kusomeshwa chini ya "mradi wa kistaarabu" wenyewe, hawajawahi kuona utawala mwengine. Nlikuwa nasikiliza wasomi wa harakati ya Turabi pale, wanakwambia kosa letu kubwa lilikuwa kutegemea bunduki kuharakisha kitu ambacho tungekipata kwa subira. Sasa unajiuliza, wa Masri walisubiri miaka themanini mbona nao wameanguka.

---

MkaaVuga

Ahsante sana ami. Hicho kipande cha Turabi ningeweza kuandika uzi peke yake.

Hilo suala la mwisho ndo linanipeleka Tunisia, maana Ghannouchi, kiongozi wa chama cha Ennahda, aliitazama Algeria akiwa uhamishoni na Masri ikaanguka mbele ya macho yake. Ennahda 2011 walipata viti 89 kati ya 217, wa kwanza kwa mbali, lakini wakaingia serikalini na vyama viwili vya kisekula. Machi 2012 wakakubali katiba isitaje sharia kuwa chanzo cha sheria, wafuasi wao wamekasirika. 2013 wapinzani wawili, Belaid na Brahmi, wakauliwa, nchi inawaka, na Ennahda ingeweza kusema tumechaguliwa hatutoki. Wakatoka. Januari 2014 katiba ikapita na serikali wakawaachia mateknokrati. 2016 mkutano mkuu wao ukatenganisha da'wa na siasa, chama kibaki chama.

Mie huu kwangu ndo uamuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya harakati hizi, na watu wa kwetu hawauzungumzi. Kwa sababu wamegusa ule mzizi niliousema. Chama kikiwa ndio jumuiya na jumuiya ndio msikiti, ukikosea bajeti umeukosea msikiti, na anayekupinga kwenye bei ya mkate anaonekana anapinga dini. Wakasema basi, tuachanishe.

---

AbuNassor_Mombasa

Na wakafaidika nini? Rais Kais Saied 2021 kafunga bunge, Ghannouchi yuko jela tangu Aprili 2023, mzee wa miaka themanini na kitu. Mursi alikaza akaanguka, Ghannouchi alilegeza akaanguka. Kwa hivo nadharia yako maalim imekwama.

---

BintWete

Haijakwama, mumesahau wapiga kura. Tunisia ile 2021 watu walitoka barabarani kushangilia bunge kufungwa, kwa sababu miaka kumi kazi hakuna, na Ennahda walikuwemo karibu kila serikali. Tazameni na Morocco, kule hakuna jeshi lililopindua mtu. PJD, chama cha Kiislamu cha kule, waliongoza serikali chini ya mfalme tangu 2011, 2016 wakapata viti 125, na 2021 wakabaki na 13! Kumi na tatu. Wamebebeshwa kila kitu, bei za mafuta, na Desemba 2020 waziri mkuu wao Othmani ndo aliyetia saini uhusiano na Israel, jambo lililoamuliwa na kasri si yeye, lakini sahihi ni yake. Chama kilichokulia kwenye maandamano ya Palestina. Hapo da'wa itakusaidia nini.

Halafu kitu chengine, uzi mzima huu hakuna aliyetaja wanawake, mnazungumza kama kwamba hizi harakati ni ndevu tu. Erdoğan hakushinda Istanbul kwa khutba wala kwa taka peke yake, wanawake wa Refah walikuwa wanagonga mlango kwa mlango, wanakunywa chai na wenzao jikoni, wanaandika nani anaumwa nani kafiwa, chama chengine hakina njia ya kuingia humo ndani. Na waliposhinda hao wanawake hawakupewa hata kiti cha bunge. Ennahda angalau 2011 orodha zilikuwa mwanamke mwanamme mwanamke mwanamme kwa sheria, na wengi wa wanawake walioingia bunge lile walikuwa wa kwao.

---

MkaaVuga

Bi Wete umenipiga pazuri. Hilo la wanawake sikulitia na ni nusu ya habari nzima.

AbuNassor, sikusema ukilegeza hutoanguka. Tofauti ipo. Tunisia mtu hakuuliwa kwa mamia uwanjani, na katiba ile hadi leo watu wanaililia.

---

Mtambwe_Kaskazini

Sasa mie nauliza, mumekwenda Masri, Sudan, Uturuki, Morocco, hapa kwetu Zanzibar mnapaogopa? Mbona UAMSHO hamuitaji yakhe.

---

MkaaVuga

Siogopi, nlikuwa naisubiri.

Kwanza hapa sheria ya vyama ya 1992 hairuhusu chama cha dini, kwa hivo njia ya Ikhwani wa 2011 haipo kabisa. UAMSHO ilikuwa jumuiya ya mihadhara, imesajiliwa kama jumuiya. Mihadhara yake ya mwanzo ilikuwa ya kawaida, maadili, utalii, mavazi, ugomvi na ofisi ya Mufti. Kilichoipandisha si dini, ni pengo. Julai 2010 kura ya maoni ikapita kwa asilimia 66 na kidogo, SUK, Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ikaundwa, Maalim Seif wa CUF, chama cha upinzani, akawa Makamo wa Kwanza wa Rais, CUF na CCM wote wamo serikalini. Baraza la Wawakilishi likabaki hakuna wa kupinga. Na wakati huo huo ndo suala la katiba na Muungano linaanza moto, tume ya Warioba ya maoni ya katiba inakuja, na watu wana yao ya kusema. Nani atayasema? CUF yuko ofisini anatunza maridhiano. Masheikh wakayasema viwanjani, na waliojaa viwanja vile wengi hawakwenda kusikiliza fiqhi, walikwenda kusikiliza mamlaka kamili ya Zanzibar na "tuachiwe tupumue".

Kisha 2012 ikawa machafuko Mei, mengine Oktoba baada ya Sheikh Farid, kiongozi wa UAMSHO, kupotea, viongozi wakakamatwa, baadae wakapelekwa bara na kesi ya ugaidi, wakakaa ndani miaka hadi Juni 2021 kesi ikafutwa. Hawakutiwa hatiani. Mtu apigie mstari hapo.

Hukumu yangu mie, UAMSHO haikuwa harakati ya kutaka dola ya Kiislamu kwa mbinu za Ikhwani, ilikuwa siasa ya Zanzibar iliyokosa pa kukaa ikaenda kukaa msikitini. Na walichokosea ni kubeba mzigo wa chama bila ya kuwa na kinga ya chama. Hawana mbunge, hawana wakala, hawana mawakili wa kutosha, ukishikwa umeshikwa.

---

Mtambwe_Kaskazini

Nakubali la pengo. La "walichokosea" sikubali, wangefanya nini? Wangenyamaza? Wakati ule ukikaa Wete au Konde hakuna mtu alokuwa akisema lililokuwa moyoni mwa watu ila wao. Na usiwatenge na CUF hivo, viwanja vile vilijaa watu wa CUF, viongozi wao wanajua na wamenyamaza, kwa sababu kelele za masheikh ziliwasaidia mezani. Walipokamatwa hao hao wakatazama pembeni.

---

MkaaVuga

Wafuasi walijaa, sikatai. Kwamba viongozi walipanga, hapo unahitaji ushahidi na mie sina na wewe huna.

---

Mkuu_wa_Tanga

Wakuu wa visiwani mimi nauliza tu, kwa nini msifanye kama Tunisia, mkatenganisha? Siasa iwe siasa, mkutano usiwe na mambo ya dini ndani yake.

---

BintWete

Kaka wa Tanga, huku CCM wenyewe wanafungua mkutano kwa dua na Qur'ani. Watu asilimia tisini na kitu Waislamu, dini utaiweka wapi, mfukoni? Suala ni nani anaambiwa anachanganya na nani haambiwi.

---

Mtambwe_Kaskazini

Enhe. Machi 2019 Maalim Seif alipohama CUF kwenda chama cha ACT, msajili wa vyama aliwaandikia barua, na moja katika makosa ni kwamba wafuasi walipiga takbiri kwenye kupandisha bendera. Sasa mkuu wa Tanga nitajie chama kitakachofanya mkutano Pemba watu wasipige takbiri. Huku hata meli ikifunga gati salama mtu anapiga takbiri.